Mfahamu Abdallah bin Hemedi, "Tacitus" wa Korogwe na Handeni

Roma ya kale ilikuwa na Tacitus. Jamaa alishika vyeo chini ya Kaisari Domitian, mtawala aliyeogopwa sana, na Domitian alipouawa mwaka 96 ndipo akaanza kuandika jinsi madaraka yanavyowabadilisha watu. Kwa upande wa Handeni na Korogwe, kazi kama hiyo aliifanya Abdallah bin Hemedi. Alimtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, kisha akaandika "Habari za Wakilindi", tena kwa Kiswahili.

Kisa kinaanzia milima ya Nguu, eneo lililokuwa Handeni kabla wilaya ya Kilindi haijamegwa mwaka 2002. Inasimuliwa kwamba Mbegha, mwindaji, alikataliwa na ndugu zake kwa kuwa ni kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota. Akatangatanga hadi Usambaa. Huko akaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama akawagawia watu, nao wakampa vyakula vyao. Mwisho wakamfanya mfalme, makao yake Vugha. Hakuja na jeshi, na hapo ndipo penye utamu wa kisa.

Wasambaa wana maneno mawili kwa mambo haya. Mfalme mwenye nguvu anayekubalika, mvua ikinyesha na watu wakishiba, anaiponya nchi: "kuzifya shi". Wakubwa wakianza kugombania kiti na njaa ikaingia, wanaiharibu: "kubana shi".

Ya pili ndiyo iliyotokea. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akarithi Vugha. Lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa chini tambarare kule Mazinde, leo wilaya ya Korogwe, njia ya misafara ya biashara. Bunduki na baruti zilimfikia yeye kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akamfukuza Shekulwavu, akamweka mwanawe Vugha. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi, uasi unaoitwa Kiva, na mateka wakauzwa utumwani pwani. Nchi iliyounganishwa kwa nyama ya nguruwe ikagawanyika kwa baruti.

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Kitabu cha Abdallah kilitolewa tena mwaka 1962, kikihaririwa na J.W.T. Allen.