Safari ya Mchoro wa Kanga

Majina ya kanga tumeyasoma mara nyingi kama fasihi. Ni nadra kuuliza yalifikaje kitambaani. Mwanzoni mwa karne ya 20 njia ilikuwa hii. Mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja alisikiliza matakwa ya wanawake, akachagua pindo, mji na jina, kisha akavipeleka kwa wachapaji wa Uholanzi na Uingereza. Huko, mchongaji asiyejua Kiswahili aliyanakili maneno, na vitambaa vikarudi kwa meli. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka wa 1887, alitia alama yake, «Mali ya Abdulla». Baadaye kazi ilihamia Japani na Uhindi. Mwaka wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam.

Alama ilimlinda mwenye duka. Lakini mwanamke aliyekataa jina lisilompendeza ndiye aliyekuwa mhariri wa mwisho, wala hakuandikwa popote. Swali hilo latuhusu hata sisi wa Kongo: vitenge vya Helmond vimepewa majina katika masoko yetu. Je, anayekipa kitambaa jina si mtungaji pia?