Kinasamwanga, si Rangi

Kinasamwanga ni molekuli ya seli inayofyonza mwanga wa mawimbi fulani na kuyaacha mengine. Katika maandishi mengi ya Kiswahili molekuli hiyo huitwa rangi, na kwa wakuzaji wa mwani wa hadubini jina hilo limezaa sentensi za ajabu. Ikiandikwa kwamba mwanga mkali huongeza rangi ya mwani, msomaji hawezi kujua kama ameambiwa kweli au uongo, kwa kuwa yote mawili yamo.

Seli ya kijani ikikaa kwenye mwanga hafifu huongeza umbijani, yaani klorofili, ili ijipatie mwanga wa kutosha, na mwani hukolea. Jua likizidi, umbijani hupungua. Dunaliella salina, inayokuzwa katika mabwawa ya chumvi ya Australia, chini ya jua kali na chumvi nyingi hurundika beta-karotini hadi kufikia takriban asilimia 10 ya uzito wake mkavu, na kijani hugeuka rangi ya chungwa. Haematococcus pluvialis nayo, ikipigwa na mwanga mkali huku ikikosa naitrojeni, hujaa astaksanthini na kuwa nyekundu. Spirulina, ambayo kwa hesabu kali ni bakteria, huongeza fikosianini yake ya buluu mwanga unapofifia. Basi ni rangi ipi iliyoongezeka?

Kasoro ya neno hilo ni ya ndani zaidi. Rangi, neno lililotoka Kiajemi, hutaja kinachoonekana na jicho. Umbijani hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu. Kijani ndicho kinachosalia na kurudi machoni. Kuiita molekuli rangi, kwa hiyo, ni kuipa jina la mabaki yake. Neno pigimenti nalo halina nafuu: asili yake ni Kilatini pigmentum, kutoka kitenzi cha kupaka rangi, kwa hiyo wanaolitohoa neno hilo na kuita kazi yao usanifishaji wameingiza kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Kivumishi nacho si dawa: "rangi asilia" husikika kana kwamba kuna mwani unaopakwa rangi ya dukani.

Neno kinasamwanga limejengwa juu ya kunasa, kitenzi cha Kibantu, cha mtego na cha ulimbo unaomshika ndege anayetua. Kitenzi hiki hutaja kushikwa tu; kinachofuata baada ya kunaswa ni habari nyingine, na hapo ndipo lilipo tegemeo la istilahi hii. Umbo lake nalo si geni. Aliyekubali kinasasauti bila kunung'unika hana sababu ya kukunja uso mbele ya kinasamwanga.

Pingamizi moja ni kwamba astaksanthini hailishi usanisinuru, hivyo hainasi chochote. Pingamizi hili limechanganya kunasa na kula. Astaksanthini hukaa katika vitone vya mafuta vya seli, hufyonza mwanga wa buluu kabla haujafika kwenye mitambo ya usanisinuru, na kuikinga isiungue. Mwanga umenaswa, haukuliwa. Beta-karotini ya Dunaliella hufanya kazi iyo hiyo. Wengine huogopa kwamba neno litachanganywa na kifaa cha kupimia mwanga, hofu isiyohitaji jibu refu: kifaa hicho kina jina lake, kihisimwanga.

Matumizi: wingi ni vinasamwanga, majina ya molekuli moja moja, kama umbijani na fikosianini, hubaki yalivyo, na rangi iachiwe kile jicho linachokiona bwawani. Mkulima wa spirulina anayetaka fikosianini aambiwe atie kivuli ili kinasamwanga hicho kiongezeke, na wa Dunaliella aambiwe aache jua lipige. Kwa neno rangi peke yake, maagizo hayo mawili hayaandikiki bila kupingana.