Ile oili nyeusi huwa inaenda wapi? Kutoka Ford ya kale hadi Probox ya Maua

Siku hizi ukifungua simu lazima ukutane na jamaa amesimama kando ya gari, shati jeupe, anakuonyesha vile unaweza kubadilisha oili ya injini nyumbani bila kulala chini. Anachomoa dipstiki, anaingiza mrija mwembamba mahali ilipokuwa, anapiga pampu mara kadhaa, na oili inapanda mpaka kwenye mtungi. Wengi mnaniuliza kama ni kitu cha maana ama ni biashara tu. Jibu langu ni kwamba ni kitu cha zamani, na sababu ya kukipenda si ile wanayotuuzia. Wanatuuzia mikono safi. Mimi ninachokitazama pale ni mtungi.

Turudi nyuma kidogo. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, haikuwa na dipstiki wala filta ya oili. Ukitaka kujua kama oili inatosha, unaingia chini na kufungua vibomba viwili vidogo, uone kama inatiririka. Mwenye gari alishauriwa amwage oili kila maili 750, yaani kama kilomita 1,200. Filta yenyewe ilikuja baadaye, miaka ya 1920. Kwa hivyo tangu mwanzo, kumiliki gari ilikuwa ni kuwa na mtu wa kuingia chini yake.

Huku kwetu gari lilikuja kuwa jambo la watu wa kawaida kupitia kahawa. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru na Embu kupanda kahawa kidogo kidogo, wakati wengi mahali pengine walikuwa bado wamekatazwa. Halafu baridi kali ikachoma mashamba ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya dunia ikapanda, na mwaka 1976 na 1977 mkulima wa mlimani akashika pesa ambayo babake hakuwahi kuota. Waulize wazee watakwambia nani alinunua pikapu mwaka gani. Tayari 1973 Rais Kenyatta alikuwa ameruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, kwa hivyo pikapu haikuwa ya kubeba kahawa tu. Ilikuwa kazi.

Sasa nani alikuwa anamwaga oili? Mwenye uwezo alienda petroli stesheni yenye shimo la kuingilia chini ya gari. Wengine wote walienda kwa fundi chini ya mti. Hapo ndipo ninataka tukae kidogo, kwa sababu historia ya jua kali huwa inaandikwa kama hadithi ya paa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ilisema sekta hii si ya kudharauliwa. Katikati ya miaka ya 1980 Moi alienda Kamukunji, Nairobi, akawaona mafundi wakipigwa na jua, na vibanda vikaahidiwa. Mwaka 1992 serikali ikatoa hati nzima ya sera kuhusu jua kali. Paa, ardhi, mikopo. Sawa kabisa. Lakini angalia chini, kwenye udongo wa gareji yoyote ya miaka hiyo, na nyingi za leo: ni mweusi, umeshikana kama lami.

Huo udongo ndio kumbukumbu yetu halisi. Kijana aliyeanza kazi gareji alipewa spana na kuambiwa aingie chini afungue nati ya sampu, lile bakuli la chini ya injini linaloshika oili. Oili ya moto ilimwagikia mkono mpaka kiwiko. Ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza. Nyingine iliingia kwenye karai, nyingine ardhini, na ya karai ilikuwa na soko lake: kupaka nguzo za ua mchwa wasile, kulainisha mnyororo wa pawa so, wengine hata kupaka vidonda vya ng'ombe. Usifanye hiyo ya mwisho, tafadhali. Oili iliyotumika ina chembe za chuma na masizi ambayo ngozi ikiguswa nayo kila siku kwa miaka inaweza kupata saratani.

Halafu miaka ya 1990 soko likafunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika, na hesabu ikabadilika. Chukua Probox, iliyozinduliwa 2002, na biashara ya miraa. Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 280. Kwenda na kurudi, 560. Kama unabadilisha oili kila kilomita 5,000, Probox ya miraa inayosafiri kila siku inafika hapo kwa siku tisa hivi. Vitz ya mwalimu wa Runyenjes inaweza kuchukua miezi sita. Injini ya 1NZ ya Probox inashika lita 3.7 pamoja na filta. Piga hesabu: mara arobaini kwa mwaka, karibu lita 150 za oili chafu. Gari moja!

Na hizo lita zinateremka. Kathita inapita Meru mjini, Rupingazi inapita Embu, zote mwisho wake ni Tana. Shirika la mazingira la Marekani linasema galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Sheria tunayo: ile ya mazingira ya 1999 iliyounda NEMA, na kanuni za taka za 2006 zinazotaka anayesafirisha taka awe na leseni. Lakini fundi wa kando ya barabara hapewi mtungi na kanuni.

Ndiyo maana pampu inanivutia. Si uvumbuzi wa jana. Kwenye boti injini imekaa ndani kabisa ya tumbo la chombo, huwezi kulala chini yake, kwa hivyo mabaharia wamefyonza oili kupitia tundu la dipstiki kwa miaka mingi. Na pampu haivuti kitu. Inatoa hewa ndani ya mtungi, kisha hewa ya nje inaisukuma oili ipande. Washa injini dakika chache kwanza, kwa sababu oili baridi ni nzito, halafu uizime ndiyo uingize mrija.

Mafundi wanalalamika, na wana hoja. Mercedes nyingi zina filta juu, kwa hivyo pampu inamaliza kazi yote. Probox filta yake inafikiwa kutoka chini, utalala tu. Pili, mrija usipogusa sakafu ya sampu, uchafu unabaki. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kijana aliyeingia chini aliona buti ya ekseli iliyopasuka na breki inayovuja. Kwa barabara ya Chuka na Nithi, na miteremko ile, mimi nataka mtu aangalie chini ya gari langu. Kwa hivyo nasema pampu mara moja, chini mara moja, kwa zamu.

Lakini hakuna kati yao anayebishana kuhusu mtungi. Una alama za lita pembeni: ikitoka 2 badala ya 3.7, unajua mrija haukufika ama injini inakula oili. Na haimwagiki. Mtungi wa lita 20 unabeba oili ya Probox tano, lita 18.5, na bado unafunga kifuniko. Majirani watano wa ploti moja pale Makutano wanaweza kununua pampu moja, kuweka huo mtungi mahali watoto hawafiki, na ukijaa wamtafute mchukuzi mwenye leseni ya NEMA. Kama unamjua anayefika Meru ama Embu kuchukua mtungi mmoja tu, mwandike hapo chini, wengi wanamtafuta.