Msimbazi: mto mfupi, bonde lenye kumbukumbu

Wale kati yetu waliopita Dar es Salaam wakati wa ukimbizi wanajua Jangwani. Basi likitoka Magomeni kwenda Kariakoo linavuka bonde pana, na mvua ikizidi barabara inafungwa. Bonde hilo ni la mto Msimbazi. Historia yake inatugusa sisi wenye kutafuta parseli hapa Uvira.

Msimbazi una karibu kilometa 35 tu. Unatoka vilima vya Pugu, unapokea vijito sawa Sinza na Ubungo, kisha unaingia bahari ya Hindi kwenye daraja la Salenda. Pale mdomoni kuna mikoko, juu maji ya chumvi yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Mvua kubwa ikikuta bahari imejaa, mto unakosa fasi ya kutokea. Maji yanarudi nyuma na kulala bondeni, na mchanga kutoka vilimani unazidi kujaza mto.

Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, mji ulikuwa mdogo, mbali na bonde. Kisha mji ulikua, watu wakashuka: karibu na kazi, bei rahisi, udongo mzuri wa mchicha. Mpango wa mji wa 1979 ulihesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari, lakini nyumba ziliendelea kuongezeka. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, nayo ikafurika. Kibali hakizuii maji.

Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na mji. Wengine walirudi bondeni, na si kwa ujinga: kazi na soko vilibaki kule kule. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 ili watu walipwe fidia na kuhama, na bonde lirudishiwe mto.

Ziwa letu halijai na kupwa kila siku sawa bahari, lakini likipanda linafunga mlango wa mto vilevile. Tuliliona likipanda 2020, 2021 na 2024. Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani mwake, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi.

Mwenye kurudi mara nyingi anakuta parseli yake ya zamani ina mtu mwingine, na ile anayoonyeshwa kwa bei ndogo iko kando ya mto. Mbele ya kulipa, uliza wazee wa kartie maji yalifika wapi 2020. Uende mwenyewe, uangalie alama ukutani. Na mamlaka wakitaka kutuhamisha, tuulize mapema: kutoka huko, mtu atafikaje shambani, sokoni na shuleni?