Vitabu Vyepesi na Safari Ndefu ya Kusoma Kiingereza

Mjadala wa Kiingereza katika shule zetu ni kama moto wa makumbi: hauwaki sana, wala hauzimiki. Kila baada ya miaka michache hupulizwa tena. Hawa husema Kiswahili kitumike kufundishia hadi chuo kikuu. Wale husema tukiacha Kiingereza tutaachwa nyuma na dunia. Nimekaa katika ualimu zaidi ya miaka 35, sehemu kubwa yake katika chuo cha ualimu, na nimeyasikia maneno ya pande zote mbili mpaka nikayajua kama sala. Lakini lipo swali dogo ambalo kelele za mjadala huo hulifunika: mtoto ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao hufikaje mahali pa kufungua kitabu cha Kiingereza, akakisoma peke yake, na akakielewa? Swali hilo lina historia, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa.

Yafaa kwanza tuone ugumu wenyewe uko wapi. Mtoto wetu hujifunza kusoma kwa Kiswahili, na Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji. Akishazijua silabi zake, ba, be, bi, bo, bu, hakuna neno litakalomshinda kulitamka. Anapokutana na Kiingereza hukuta kwamba herufi zile zile nne, o-u-g-h, zina sauti moja katika neno hili na sauti nyingine kabisa katika lile. Hilo huonekana, na walimu hulihangaikia. Lipo lingine lisiloonekana. Kwa kuwa amezoea kwamba kutamka na kuelewa huenda pamoja, mtoto hutamka ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti nzuri, na mwalimu humsifu, kumbe kichwani hapajaingia kitu. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha nikisikiliza kwaya ya namna hiyo.

Tena kuna mitego midogo ambayo Mwingereza hawezi kuiona. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi: “alikuja” ni yeyote yule. Mwanafunzi akisoma hadithi ya Kiingereza yenye watu wanne, kila “he” na kila “she” kwake ni “yeye” tu, na baada ya aya tatu hajui tena nani kampiga nani. Hakupungukiwa na akili wala msamiati. Hakuwahi tu kusoma kurasa za kutosha ili jambo hilo dogo liwe mazoea. Na mazoea hayaji kwa kuandikiwa kanuni ubaoni.

Mtu wa kwanza ninayemjua aliyelitazama jambo hili kwa makini hakuwa wa kwetu. Aliitwa Michael West, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu huko Dacca, katika Bengal ya wakati wa utawala wa Waingereza, nchi tunayoiita leo Bangladesh. Mwaka 1926 alitoa kitabu juu ya hali ya lugha mbili katika shule za huko. Aliuliza swali ambalo mkaguzi yeyote angepaswa kuliuliza: mtoto anayeacha shule katikati huondoka na nini? Aliazima fikra kutoka katika bima. Mtu akivunja bima yake kabla ya muda, hurudishiwa kiasi fulani. Je, mtoto anayevunja masomo ya Kiingereza baada ya miaka mitatu hurudishiwa nini? West aliona kwamba kwa mafundisho ya wakati ule harudishiwi kitu. Ana vipande vya sarufi na mashairi ya kukariri, lakini hawezi kusoma hata habari fupi.

Jibu lake lilikuwa kwamba kusoma kutangulie. Mtoto wa kijijini Bengal hakuwa na Mwingereza wa kuzungumza naye, lakini angeweza kupata kitabu. Ndipo akavipima vitabu vya shule vilivyokuwapo, akakuta vimejaa maneno ya kizamani na ya kifasihi, na kwamba maneno mapya yanamwagika mengi mno katika kila ukurasa. Akaandika vyake. Aliondoa neno la nadra akaweka la kawaida, na akapunguza kasi ya maneno mapya hadi takriban neno moja katika kila maneno 50. Vitabu hivyo vilichapishwa na Longmans na vikaenea mbali, hadi Afrika. Mwaka 1953 ilitolewa orodha yake maarufu ya maneno ya msingi ya Kiingereza, kama 2,000 hivi, na waandishi wa vitabu vyepesi waliitegemea kwa miaka mingi.

Wataalamu wa baadaye wamekuja kuthibitisha jambo hilo kwa hesabu. Paul Nation wa New Zealand na wenzake wanakadiria kwamba ili mtu asome bila msaada na kwa raha, anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ya matini. Tuliweke hilo katika ukurasa. Ukurasa wa maneno 300 unavumilia maneno mageni sita tu. Sasa mchukue kijana aliyeingia kidato cha kwanza, umpe kitabu cha baiolojia ambacho neno moja katika kila matano halijui. Ukurasa ule ule una maneno mageni 60. Huyo hasomi tena, anachimba mawe. Atafanya mtu yeyote mwenye akili angefanya: atasubiri mwalimu aandike muhtasari ubaoni, ataunakili, ataukariri.

Hali hiyo ndiyo iliyopimwa nchini kwetu mwaka 1984. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo tu hadi sekondari, ambako ghafla kiligeuka kuwa mlango wa masomo karibu yote. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Badala yake walikuja Waingereza wawili, Clive Criper na Bill Dodd, wakapima uwezo wa kusoma kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Walitumia majaribio ya kujaza mapengo katika habari fupi, kipimo ambacho mtu hawezi kukidanganya kwa kukariri. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Wanafunzi wengi wa kidato cha nne waliweza kusoma vitabu vilivyorahisishwa sana tu, na hata chuo kikuu ni wachache waliokuwa na kiwango cha kusoma kwa urahisi vitabu vya masomo yao.

Wengi wamebishana juu ya hitimisho lao, yaani kwamba Kiingereza kiendelee kufundishia licha ya matokeo hayo. Ubishi huo ni halali, nami nina upande wangu, kama nitakavyosema. Lakini kuna matunda mengine ya ripoti ile ambayo hayasimuliwi. Mwaka 1987 ulianza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliogharimiwa na Uingereza, ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pamoja na mafunzo ya walimu, ulileta katika shule za sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kutoka vyepesi kabisa hadi vigumu kidogo. Wakosoaji walisema, na si bila sababu, kwamba fedha zilizunguka zikarudi kwa wachapaji wa Uingereza. Hata hivyo vitabu vilifika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, niliona shule ya mkoani ikiwa na hadithi za Kiingereza za kutosha darasa zima.

Nini kiliwapata? Katika shule moja niliyokwenda kukagua wanachuo wangu miaka hiyo, nilivikuta ndani ya kabati la chuma ofisini, vinang'aa kama siku vilipotoka kiwandani. Vilikuwa vimeandikwa katika rejesta ya mali kwa mwandiko safi sana. Mkuu wa shule alinieleza kwa uungwana kwamba kitabu kikipotea yeye ndiye atakayeulizwa, na mtoto asiposoma hataulizwa mtu. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli juu ya utaratibu wetu. Kitabu kilikuwa na namba. Usomaji haukuwa nayo.

Mwanachuo mmoja wa kike aliyekuwa akifanya mazoezi pale aliomba ufunguo kwa vipindi viwili tu kwa juma. Akamtia mkuu wa shule moyo kwa kuandika daftari la kuazima, kila jina na sahihi. Kipindi cha kwanza alikaa kimya naye akisoma chake. Wanafunzi walidhani mwalimu hajaandaa somo. Kipindi cha tatu, kijana mmoja alicheka peke yake katikati ya ukimya, darasa zima likageuka kumtazama. Mwanachuo yule aliniambia baadaye: “Mkuu, nilipomsikia anacheka nilijua ameelewa. Sikuhitaji kumpa maswali.” Nimesoma ripoti nyingi za ukaguzi, lakini sijapata kipimo cha ufahamu kizuri kuliko hicho.

Kwamba mambo hayo hayakuwa bahati tu, lilionekana mbali na kwetu. Mwaka 1980, katika visiwa vya Fiji, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza jaribio katika shule za msingi za vijijini. Watoto wa huko hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili, kama watoto wetu. Madarasa kadhaa yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja, vyenye picha na mambo ya kuvutia. Mengine yaliendelea na mtindo wa kawaida wa mazoezi ya sentensi. Baada ya mwaka mmoja, watoto wenye vitabu walikuwa wameendelea katika kusoma kwa kasi kama maradufu ya kawaida. Baada ya mwaka wa pili faida ilienea hadi katika kuandika na sarufi, ile sarufi ambayo hawakufundishwa zaidi ya wenzao. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na kibaba cha lugha hujazwa kwa kurasa.

Sasa nirudi kwenye Kiswahili, maana wengi hudhani kwamba mtu anayetaka watoto wasome Kiingereza ni adui wa Kiswahili. La hasha. Anayejua kusoma kwa kuelewa katika lugha moja haanzi upya katika lugha nyingine. Anayo tayari mazoea ya kukisia, ya kurudi nyuma, ya kujiuliza kitakachofuata. Riwaya ya Rider Haggard kuhusu machimbo ya Mfalme Sulemani ilikuwapo kwa Kiswahili tangu mwaka 1929, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mara kadhaa niliwapa wanachuo wangu tafsiri hiyo kwanza, kisha toleo la Kiingereza lililorahisishwa. Walisoma la pili kwa kasi iliyowashangaza wenyewe, kwa kuwa njia walikwisha kuipita. Vivyo hivyo, wakufunzi wengi waliofundisha tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari waliiweka kando yake tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Kiswahili hakikuwa kizuizi bali daraja. Ndiyo maana nilifurahi Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanza mwaka 1991 kutoa hadithi za Kiswahili kwa shule za msingi. Niliwaambia wanachuo kwamba kila hadithi ya Kiswahili anayoimaliza mtoto wa darasa la tatu ni akiba ya Kiingereza chake cha kidato cha kwanza.

Upande wangu katika ule mjadala mkubwa, basi, ni huu. Ningependa mtoto ajifunze baiolojia kwa lugha anayoielewa, na ajifunze Kiingereza vizuri kama somo, kwa vitabu anavyoviweza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua mlango huo kwa maandishi. Kuupita mlango ni jambo lingine. Lakini lugha yoyote itakayofundishia, kazi ya kusoma haitajifanya yenyewe. Lugha ya kufundishia huamuliwa na serikali. Ufunguo wa kabati huamuliwa na mkuu wa shule, na dakika 40 za kusoma kimya huamuliwa na mwalimu wa darasa.

Kwa wazazi na walimu vijana wanaoniuliza, majibu yangu ni machache. Mpe mtoto kitabu kilicho chini kidogo ya uwezo wake, si juu yake. Akikutana na maneno mageni zaidi ya sita au saba katika ukurasa, mbadilishie bila kumwaibisha. Mwache asome kimya, na usimkatize kila neno kumsahihisha matamshi. Akimaliza, usimpe mtihani. Mwambie akusimulie, hata kwa Kiswahili, hata kwa kilugha chenu. Na vitabu vikichakaa, furahi. Katika miaka yangu ya mwisho chuoni, nilipokagua maktaba za shule, sikuwa nikiangalia tena idadi ya vitabu. Nilikuwa nikiangalia kingo za kurasa, kama zimeingia weusi wa vidole.