Fahamu, Pepo na Ubongo: Historia ya Kifafa kutoka Mahenge hadi Dar es Salaam

Uhusiano wa fahamu na ubongo haukuwa mjadala wa wanafalsafa pekee katika Tanzania. Ulijitokeza pia kando ya mafiga, pale mgonjwa wa kifafa alipoangukia motoni na waliomzunguka wakaogopa kumgusa. Insha hii inatetea hoja kwamba dawa ya kifafa ilidhihirisha nafasi ya ubongo katika kupotea kwa fahamu, lakini haikuyafuta maswali yaliyokuwa yakijibiwa na maelezo ya pepo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Aall, daktari kutoka Norwe, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, katika Ulanga. Mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro. Jamii hiyo iliuhusisha ugonjwa na pepo, na mate ya mgonjwa yaliaminika kuambukiza. Mgonjwa alitengwa hata katika kula, na wengi walikuwa na makovu ya moto. Vidonge vya fenobabitoni, ambavyo hutuliza msisimko uliopita kiasi katika seli za ubongo, viliwapunguzia wengi mianguko. Degedege lililozuiwa na kidonge lilikuwa vigumu kuelezwa kuwa hiari ya pepo tu.

Hata hivyo, mjini hali haikuwa ya upande mmoja. Kitabu cha Lloyd Swantz kuhusu waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, kilichochapishwa mwaka 1990, kinaonyesha kuwa uganga uliendelea kushamiri ndani ya jiji lenye hospitali. Kutoka Mchafukoge au Kariakoo hadi Muhimbili si mbali. Umbali hautoshi kueleza kwa nini watu waliendelea kwenda kwa waganga.

Lugha yenyewe inatoa fununu. Aliyezimia husemwa kuwa amepoteza fahamu: hayupo. Aliyepandisha pepo husemwa kuwa yupo mwingine ndani yake. Huulizwa jina, hutaja anachodai, na jamaa husikiliza. Tiba ya ubongo hueleza kutoweka kwa fahamu. Ngoma ya pepo hushughulikia swali jingine: nani anasema, na kwa nini kupitia mtu huyu? Kitengo cha utafiti wa tiba asilia kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974 kiliweza kupima mitishamba katika maabara. Mazungumzo hayo hayakupimika kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, kuisimulia historia hii kama ushindi wa ubongo dhidi ya pepo ni kuirahisisha. Kwa upande mwingine, kuheshimu imani hakuhalalishi woga uliowaacha wagonjwa waungue. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Lakini tangu Hans Berger alipochapisha matokeo yake kuhusu mawimbi ya umeme ya ubongo mwaka 1929, kilichonaswa karatasini ni mawimbi, si kile anachokiona mgonjwa kabla ya kuanguka. Kumtoa mgonjwa motoni hakukuhitaji kusubiri jibu la swali hilo.