Kutoka Kijiko cha Dakta Bright hadi Idhini ya Julai 2022

Mwaka 2027, inshallah, itatimia miaka mia mbili tangu Dakta Richard Bright wa hospitali ya Guy's, mjini London, atoe juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha habari za wagonjwa, ambamo alionesha kwamba mtu aliyevimba mwili, na ambaye mkojo wake ukipashwa moto huganda, akifa na kupasuliwa hukutwa figo zake zimeharibika. Si vibaya kuitangulia kumbukumbu hiyo, kwa sababu mwezi Julai 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha mkojo ambacho mtu hujipimia nyumbani kwake akisaidiwa na kamera ya simu, na waliolitangaza jambo hilo walilisifu kwa upya wake. Mimi naona upya huo haumo katika kupima, kwani kuitambua protini ndani ya mkojo ilikuwa kazi nyepesi tangu mwanzo, kiasi cha kuweza kufanyika jikoni. Lililokuwa zito ni kujua nani aaminiwe kuyasoma matokeo, na tabibu asiyemwona mgonjwa kwa macho yake, hukumu yake ichukuliwe kwa kadiri gani.

Hippocrates alikwisha kuandika kwamba mapovu yanayokaa juu ya mkojo ni dalili ya maradhi ya figo yenye kudumu, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka masharti katika kitabu chake al-Qanun kwamba mkojo wa kutazamwa uwe wa asubuhi, usiwe umekaa sana, na utiwe katika chombo safi kinachoonesha vilivyomo. Ulaya ikairithi elimu hiyo, ikaipamba kwa duara za rangi zilizochorwa vitabuni, hata chupa ya mkojo ikawa ndiyo alama ya utabibu, kama vile bomba la kusikilizia mapigo ya moyo lilivyo leo.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Katika Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa ada ya watu wengi kwamba mgonjwa alale kitandani mwake, naye mkewe au mtumishi wake atie mkojo chupani, aende nao mwendo mrefu mpaka kwa tabibu ambaye hajapata kumwona mgonjwa huyo. Na tabibu ainue chupa mwangani, aitikise, anyamaze kidogo kwa haiba, kisha ataje maradhi, na pengine jinsia ya mgonjwa, na kama ni mwanamke, ana mimba au hana. Mwaka 1623 tabibu James Hart alichapisha kitabu cha kuishitaki desturi hiyo, lakini aliyewachoma zaidi wenye kuifuata alikuwa Thomas Brian, ambaye mwaka 1637 alitoa kitabu alichokiita The Pisse-Prophet, yaani mtabiri wa mkojo, na uchungu wa kitabu hicho ni kwamba mwandishi wake alikuwa ameifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa hiyo alizijua ghiliba zake kutoka ndani. Alieleza jinsi mjumbe anavyoulizwa maswali ya pembeni, yaonekanayo kuwa ni maongezi tu, mpaka ameyasema yote bila ya kujua kuwa ameyasema. Kisha tabibu humrudishia maneno yale yale, yakiwa yamevishwa istilahi za kitaalamu, na mjumbe hurudi nyumbani akistaajabu kwamba hakika mkojo husema.

Brian hakudai kwamba mkojo hauna faida kwa tabibu. Hoja yake ilikuwa kwamba mkojo peke yake, ukitengwa na mwili uliotoka na historia ya mwenyewe, hautoshi kuwa shahidi, na kwamba anayejifanya kuusoma akiwa baidi na mgonjwa ama anajidanganya au anadanganya. Wanaojadili leo vipimo vya nyumbani hawajaongeza mengi juu ya hoja hiyo, ila tu kwamba sasa mjumbe ni simu.

Mwishoni mwa karne ile ile Frederik Dekkers wa Leiden aliona kwamba mikojo mingine ikitiwa asidi na kupashwa moto huganda, na mnamo miaka ya 1760 Domenico Cotugno wa Napoli aliona hivyo hivyo kwa askari mmoja aliyevimba mwili. Wote wawili waliona dalili. Wala hawakuipata asili yake.

Asili yake aliipata Bright, mtu aliyekwisha kusafiri hadi Iceland na Hungaria kabla ya kutulia hospitalini, na ambaye mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora. Chombo chake kilikuwa kijiko na mshumaa. Mkojo kidogo hutiwa kijikoni, kijiko hushikwa juu ya mwali, na kabla ya kuchemka wingu jeupe hutanda, kisha hukatika vipande vipande kama ute wa yai uliotiwa katika maji ya moto. Au basi hubaki maji yake safi, na mgonjwa huyo hutafutiwa sababu nyingine. Aliowaona hivyo wodini, wengine aliwaona tena katika chumba cha maiti, figo zao zikiwa na chembechembe na ugumu, na kutokana na kulinganisha huko maradhi hayo yakaitwa kwa jina lake kwa muda wa karne nzima. Mwaka 1842 hospitali yake ilimtengea wodi mbili zenye vitanda 42 kwa ajili ya wagonjwa wa figo peke yao, pamoja na maabara ndogo kando yake, jambo ambalo hospitali nyingi za leo haziwezi kujivunia. Mwaka uliofuata, katika hospitali hiyo hiyo, John Lever akaikuta albumini katika mikojo ya wanawake wenye kifafa cha mimba.

Miaka zaidi ya mia moja ilipita, na asidi na mirija ya kioo ikachukua nafasi ya kijiko, kabla ya kazi hiyo kurahisishwa tena. Na hapa nategemea kijitabu ambacho Jumuiya ya Wakemia wa Marekani ilikitoa tarehe 1 Mei 2010, siku ilipoitambua kazi ya Alfred na Helen Free kuwa ni athari ya kihistoria. Helen alikusudia kuwa mwalimu wa lugha, lakini baada ya shambulio la Pearl Harbor vijana wa kiume walikwenda vitani, wasichana wa chuo chake cha Wooster wakahimizwa kusoma sayansi, naye akahitimu kemia mwaka 1944 na kuajiriwa na Miles Laboratories ya Elkhart, Indiana, watengenezaji wa Alka-Seltzer. Mwaka 1947 akaolewa na Alfred, aliyekuwa mkuu wake maabara. Mwaka 1956 walitoa kijiti cha karatasi cha kupima sukari, na mwaka uliofuata cha kupima protini, kilichoitwa Albustix.

Hikima yake imo katika kasoro moja ambayo Sørensen wa Copenhagen aliieleza mwaka 1909: baadhi ya rangi zinazotumika kupima uchachu hudanganyika zikikutana na protini, zikabadilika ingawa uchachu wenyewe haukubadilika. Akina Free waliilowesha karatasi kwa rangi ya aina hiyo pamoja na chumvi ya asidi ya kuushikilia uchachu mahali pamoja, basi ile kasoro ikageuka kuwa kipimo: manjano hafifu maana yake hakuna, kijani kipo, na kadiri kielekeavyo samawati ndivyo protini inavyozidi. Vijiti vingi vya leo husomwa baada ya dakika moja, kwa kulinganishwa na rangi zilizochapishwa ubavuni mwa kopo. Wazazi wa watoto wenye maradhi ya figo yavujishayo protini wamekuwa wakichovya vijiti hivyo nyumbani kila asubuhi na kuandika daftarini, kwa maagizo ya daktari, muda mrefu kabla ya simu kuwa na kamera.

Kilichobaki kikawa cha sheria. Baada ya msiba wa Dalkon Shield, kifaa cha kuzuia mimba kilichowadhuru na hata kuwaua wanawake, Rais Gerald Ford alitia sahihi tarehe 28 Mei 1976 sheria ya vifaa vya tiba, ambayo kwayo mtengenezaji wa kifaa chenye hatari ya wastani huiarifu Mamlaka kabla ya kukiuza, na kuthibitisha kwamba kinalingana na kingine kilichokwisha kuwapo sokoni. Njia hiyo ina wakosoaji wake, na wana haki: mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliishauri serikali iiache na itunge nyingine, kwa kuwa kulingana na kitu cha zamani si ithibati kwamba kitu hicho cha zamani kilikuwa salama. Haikuachwa. Ndiyo njia iliyopitiwa na Healthy.io, kampuni ya Israeli, mwaka 2018 kwa kipimo chake cha kwanza, na tena mwaka 2022 kwa kile cha figo, ambacho hulinganisha albumini na kreatinini ili mkojo mwepesi au mzito usipotoshe hesabu, na ambacho programu ya simu hukisoma juu ya kibao cha rangi kisha ikampelekea tabibu jibu.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo cha protini kinajulikana zaidi kliniki ya wajawazito, kwa sababu ile ile aliyoiona Lever mwaka 1843, na ni aibu kwamba kitu cha bei ndogo kama kijiti kinaweza kukosekana zahanati, mama akarudi nyumbani amepimwa uzito na shinikizo la damu tu, ilhali kifafa cha mimba kingali kinaua. Kinapopatikana, huwa ni kile kile cha Elkhart, muuguzi akikisogeza karibu na kopo na kukisoma kwa macho yake, bila simu.